Sanduku Lililobaki Bagira

Bizerte, Jumapili 13 Oktoba 2024

Yaya Nsimire, dada mkubwa,

Nimefika. Uliniambia nikuandikie barua kwenye simu, nisitume sauti, eti sauti zinapotea na barua unaweza kuinakili katika daftari lako la tarehe. Haya, nakili: ndugu yako yuko mbele ya Bahari ya Mediterania, na wewe ungali Bagira, huko Bukavu, unafunga mlango kwa waya.

Kutoka Tunis ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari. Balkoni yangu inatazama bandari ya zamani. Maji yameingia mpaka katikati ya mji, pembeni kuna mashua za rangi, mikahawa, na kuta za ngome kuukuu. Nilitegemea zaidi. Wanaume wanakaa mbele ya kikombe kimoja cha kahawa toka asubuhi mpaka jua linazama, na paka ni wengi kuliko watu.

Tuko kumi na mmoja, wote waandikaji wa sauti wa kampuni, tunaosikiliza watu waliorekodiwa na kuandika wanachosema, kila mmoja na lugha yake. Kila mmoja anafanya kazi nyumbani kwao, hakuna aliyewahi kumuona mwenzake. Walinipokea kwa jina: "Ah, ni wewe Gentil wa Mashi, mwenye karatasi zisizo na kosa!" Nikatabasamu tu. Kuna Mukameruni mmoja, Ulrich, amekuja na mkate ndani ya begi na kalamu nne mfukoni. Mtu wa namna ile ungempenda.

Wenzangu wanasema wametumiwa programu ya wiki. Mimi sijaona kitu. Ndivyo kampuni hizi zilivyo, zinasahau watu wakubwa.

Sasa sikiliza. Karatasi zisipungue wiki hii. Ijumaa kuna kikao cha kuandika mbele ya wote. Nitaweka simu chini ya meza, sauti itaingia kwenye akaunti, wewe utaisikiliza huko na kunitumia maneno. Na ahadi yangu naikumbuka: wanatafuta mtu wa pili wa Mashi, nitataja jina lako. Mimi nikisema, wanasikia.

Mchumba wangu Fabiola anakusalimu. Mwambie maman nakula vizuri.

Gentil


Bagira, Jumatatu 14 Oktoba 2024

Gentil,

Barua yako nimeinakili. Mlango haufungwi kwa waya tangu Agosti, una kufuli. Ungejua kama ungekuja.

Leo nimeandika sauti tisa. Mvua imeanza saa nane, umeme umekatika mara mbili, nikamalizia kwa betri. Akaunti yako iko wazi mezani kama ulivyoiacha miezi kumi na minne iliyopita: kazi, sanduku la barua, kila kitu. Neno la siri ni lilelile, jina la Fabiola na mwaka wake wa kuzaliwa.

Nilimsomea maman barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na kazi, anafanyaka saa ngapi?" Akageukia sombe yake, majani ya muhogo, akasema: "Ule mutoto anajua kusema tu." Nakuandikia alivyosema.

Kuhusu Ulrich: mtu mwenye kalamu nne alikuja kuandika.

Sasa jina. Nakukumbusha, kwa sababu umefika mahali penye balkoni na watu husahau wakiwa juu. Kampuni ilitaka mtu wa université, mimi nina diploma ya sekondari. Ilitaka pia mtu anayejua Mashi. Wewe ulilelewa Ibanda shuleni kwa mapadri, mimi nililelewa kijijini Walungu kwa bibi yetu Tate, mama yake papa. Tukagawana: wewe jina, mimi masikio. Ulisema ni kwa miezi mitatu. Mpaka leo nimeandika sauti elfu moja mia tisa na arobaini, na chini ya kila moja iko "Gentil".

Sizungumzii franga, hizo unanipa. Nazungumzia jina. Ijumaa wakimwandikisha mtu mwingine, mimi nitabaki mtu ambaye hajawahi kufanya kazi yoyote, na nina miaka thelathini na saba.

Nijibu: utalitaja siku gani, na kwa nani?

Nsimire


Kwenye sanduku la kazi, Jumanne 15 Oktoba 2024, asubuhi

Bwana Gentil,

Samahani kwa kuchelewa. Nitafika Bizerte kesho Jumatano jioni, na hapo ndipo tutaonana kwa mara ya kwanza.

Mapokezi wamenitumia fomu uliyojaza jana. Umempendekeza Mademoiselle Fabiola, licenciée wa université, wa Ibanda, awe mtu wa pili wa Mashi. Umeandika kwamba hakuna mtu mwingine unayemjua mwenye uwezo huo. Naomba athibitishe kabla ya Ijumaa.

Mafunzo ya leo yamehamia ukumbi ulio ng'ambo ya daraja. Ijumaa kila mmoja atasikiliza sauti mpya, ataiandika kwa mkono, kisha atawaeleza wenzake imesema nini. Simu zote zitaachwa mlangoni ndani ya kikapu, yangu pia.

Nakumbusha wote kwamba akaunti moja ni ya mtu mmoja.

Valérie, msimamizi wa kundi la Kivu


Bizerte, Jumanne 15 Oktoba 2024

Yaya,

Una haraka kama mtu anayekimbiza basi. Jina lako limeshatajwa! Jana mchana, mezani, nilimwambia Valérie mwenyewe, mkubwa wetu wa Kivu. Nilisema: "Nina dada yangu, hakusoma sana lakini sikio lake ni zuri." Watu wakapiga makofi. Umefurahi sasa?

Leo asubuhi nilishuka kwenye ukumbi wa hoteli kwa mafunzo, nikakuta viti na mwanamke anayepiga deki. Hakuna aliyeniambia walikokwenda. Nikaona afadhali nitembee. Kuna daraja linaloinuka meli ikipita, magari yote yanasimama, madereva wanapiga honi kama vile meli itaona haya. Nikala chakula chao, lablabi, mikate iliyomegwa ndani ya mchuzi wa dengu. Fikiria: mtu anavuka Afrika nzima kuja kula mkate uliolowa. Kisha nikachukua taksi mpaka Ras Angela, ncha ya mwisho ya Afrika kwa upande wa kaskazini. Ni mawe na upepo. Nilisimama pale nikajiambia: watu wote wa bara hili sasa wako nyuma ya mgongo wangu, na Bagira iko nyuma yao.

Jioni Ulrich akaniuliza kwa nini sikufika mafunzoni. Nilimjibu kwamba mwenye karatasi zisizo na kosa hafundishwi. Akarudi kwenye supu yake.

Ijumaa usiniangushe. Betri ijae toka Alhamisi.

Gentil


Bagira, Jumatano 16 Oktoba 2024

Gentil,

Nimefurahi kusikia makofi. Kwa ajili ya daftari langu, nieleze vizuri, maana mambo kama haya hutokea mara moja. Huyo Valérie ni mtu wa namna gani? Alikaa upande gani wa meza? Uliposema jina langu alijibu nini hasa? Na aliliandika mahali?

Leo sauti kumi na mbili. Ya saba ni ya muzee wa Kaziba anayegombana na mkwe wake juu ya mbuzi. Nilicheka peke yangu. Wewe usingecheka, ungeuliza mbuzi ni nani.

Nsimire


Bizerte, Jumatano 16 Oktoba 2024, saa kumi

Yaya,

Maswali yako ni ya polisi wa mpakani. Haya. Valérie ni mwanamke mrefu, amevaa miwani, ana sauti ya chini. Alikaa mkono wangu wa kuume. Nilipotaja jina lako alitikisa kichwa akasema: "Nsimire, jina zuri." Akaliandika kwenye kitabu chenye jalada jekundu. Inatosha?

Nikuambie kitu kwa upendo. Usijitie mawazoni kwamba sikio ndilo kazi. Kazi ni kujua kusimama mbele ya watu. Ungekuja hapa na kitambaa chako kichwani na daftari lako, ungejificha nyuma ya kikapu cha mkate. Wewe ni mikono, mimi ni uso. Hakuna anayesalimia mikono kabla ya uso. Tate alikufundisha Mashi yake ya shambani, sawa, lakini Mashi ya shambani haipandi ndege. Mimi ndiye niliyeipandisha.

Ijumaa saa tatu ya huku, saa nne ya kwenu. Uwe tayari.

Gentil


Bagira, Alhamisi 17 Oktoba 2024, asubuhi

Gentil,

Nakuandikia kwa utaratibu ili usipotee.

Kampuni haikukusahau. Kila ilichokutumia tangu mwaka jana kinaingia kwenye sanduku la akaunti yako, na sanduku liko kwenye meza yangu, kati ya taa na sahani ya mahindi. Hujalifungua hata siku moja, kwa hiyo umelisahau. Programu yako ninayo tangu tarehe nne. Notisi ya ukumbi ng'ambo ya daraja ninayo tangu Jumanne. Hukuniuliza.

Valérie amefika Bizerte jana jioni. Jumatatu hakuwa kuume kwako wala kushoto. Umemshonea miwani mtu ambaye hujamuona, ukampa kitabu chenye jalada jekundu, ukaweka jina langu mdomoni mwake. Hili la mwisho ndilo limenichukiza. Ungeweza kudanganya bila kumfanya alisifu.

Chini ya barua hii nimenakili aliyokuandikia Jumanne. Isome pale palipoandikwa Fabiola. Isome pia pale panaposema hakuna mtu mwingine unayemjua mwenye uwezo huo. Fabiola namjua. Alikuja matanga ya Tate, watu wakaimba, akaniuliza sikioni: "Wanasema nini?" Na sasa mimi ndiye ningeandika kwa majina mawili badala ya moja. Nimehesabu sawa?

Nilikuwa nakudharau kidogo, kama mtu anavyodharau jogoo anayewika mchana. Jana niliposoma juu ya mikono na uso, nilimaliza. Unaudharau mji ambao hukuufanyia hata siku moja ya kazi, unamdharau Mukameruni kwa kalamu zake, unamdharau aliyekulisha. Mtu mtupu hana budi kudharau, la sivyo upepo ungemchukua. Huko Ras Angela ulibahatika.

Simu zitaachwa mlangoni. Kwa hiyo kesho, Mashi ya shambani haitafika chini ya meza yako.

Unao muda mpaka kesho saa nne ya kwetu kumwambia Valérie mwenyewe. Usiponijulisha, nitamwandikia mimi, kwa jina langu.

Nsimire


Bizerte, Alhamisi 17 Oktoba 2024, jioni

Yaya, yaya, yaya,

Unasoma barua za watu. Hicho ndicho ulichojifunza sekondari?

Sikiliza kwanza. Fabiola alikuwa wa kuweka nafasi tu, watu wa kwao wananiuliza kila Jumapili binti yao atafanya nini baada ya licence ya université. Ningekuweka wewe mwakani. Ukimwandikia Valérie, wanafunga akaunti, na wewe pia unakosa. Utakuwa umekata tawi tulilokalia wote wawili, na maman chini yake. Mtu mwenye akili hafanyi hivyo. Mtu wa daftari ndiye anafanya.

Leo nimemuona Valérie. Ni mfupi. Hana miwani. Alinisalimia kwa Mashi mbele ya wote, mimi nikajibu kwa Kifaransa kwamba nina mafua. Ulrich alikuwa karibu. Alinipa kidonge.

Yaya, niambie tu sauti za namna gani huwa wanaleta. Ndoa? Mashamba? Nifundishe maneno ishirini usiku huu. Nitayaandika kwenye kiganja. Wewe ulinifundisha kuhesabu kabla sijaenda kwa mapadri, umesahau?

Usimwandikie. Nakuomba kama mudogo wako.

Gentil


Bagira, Ijumaa 18 Oktoba 2024, saa nne kamili

Madame Valérie,

Naitwa Nsimire, wa Bagira, Bukavu. Mimi ni dada mkubwa wa Gentil. Tangu tarehe 12 Agosti 2023 sauti zote za akaunti yake zimeandikwa na mimi. Nina daftari lenye tarehe, saa na idadi, siku kwa siku. Sina diploma ya université.

Najua sheria ya mtu mmoja na akaunti moja. Niliivunja nikiijua, kwa sababu nilitaka kazi na mlango ule pekee ndio uliokuwa wazi. Naandika sasa ili asiwekwe mtu wa tatu juu ya kazi yangu.

Amri ni yenu.

Nsimire


Bizerte, Ijumaa 18 Oktoba 2024, jioni

Nsimire,

Usiku kucha nilingoja maneno ishirini. Hukuleta hata moja.

Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee. Anaongea haraka, nyuma yake kuku wanalia. Nilisikia ndizi. Nilisikia shimo. Baadaye alicheka muda mrefu, akasema kitu, akacheka tena. Nikaijua ile cheko. Si yeye, lakini ni cheko kama ya Tate alipokuwa akifukua ndizi za kasiksi, pombe yake, wakati wa likizo kule Walungu, akituambia tuingize mkono ndani ya shimo tuone kama zimeiva, na mimi nilikataa kwa sababu nilikuwa na shati ya shule. Wewe uliingiza mpaka begani.

Wenzangu walikuwa wanaandika. Ulrich alikuwa ameshabadilisha kalamu. Mbele yangu karatasi ilikuwa na maneno mawili.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Valérie akasema: "Tunakusikiliza." Nikasema: "Sijui anasema nini. Karatasi zote mlizozisifu ni za dada yangu. Anaitwa Nsimire." Hakuna aliyepiga makofi. Nikaketi.

Najua utasema nilisema kwa sababu ya barua yako kwa Valérie. Sijui kama uliiandika. Sikuuliza. Andika unavyotaka katika daftari lako, ni lako.

Gentil


Bizerte, Jumamosi 19 Oktoba 2024

Kwa Madame Nsimire,

Barua yako ya jana niliifungua saa nane mchana ya Bizerte, nilipotoa simu yangu kikapuni. Wakati huo Bwana Gentil alikuwa ameshatuambia mwenyewe, saa tatu na nusu asubuhi, mbele ya wote. Sikuwa nimemuuliza chochote.

Akaunti imefungwa tangu jana jioni. Bwana Gentil hatafanya kazi nasi tena. Pendekezo la Mademoiselle Fabiola limeondolewa. Zile sauti ulizoandika chini ya jina lake zitabaki chini ya jina lake. Hatuwezi kuzibadilisha, na siwezi kukuahidi zitahesabiwa kwako.

Ukitaka, Jumatatu saa mbili asubuhi ya Bukavu utafanya mtihani kama mtu mpya. Sauti hamsini, siku tano. Nimeomba suala la diploma liwekwe pembeni mpaka matokeo. Wamekubali liwekwe pembeni, hawajakubali zaidi.

Jana niliwasikilizisha wenzetu ile sauti tena, na mimi na mwenzangu wa ofisini anayejua Mashi tukashindwa neno moja, pale anapocheka. Itakuwa ya kwanza katika mtihani wako.

Valérie


Bagira, Jumapili 20 Oktoba 2024

Gentil,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nahakikisha saa.

Barua yangu iliondoka hapa saa nne kamili, ambayo kwenu ni saa tatu. Wewe ulisema jina langu saa tatu na nusu. Simu ya Valérie ilikuwa kikapuni mpaka saa nane. Maana yake ulisema kabla hajasoma. Nimeliandika hivyo, ukurasa wa leo, kwa wino. Huenda ulisema kwa woga, huenda ni kwa sababu ya shimo la Tate. Daftari langu lina safu ya saa, halina safu ya sababu.

Yale niliyokuandikia Alhamisi sikuyafuta. Yana tarehe yake, na tarehe hiyo yalikuwa kweli.

Sauti elfu moja mia tisa na sitini na tisa zimebaki zako. Ukizeeka uwaonyeshe wajukuu, lakini usiwasomee.

Maman nimemwambia yote baada ya misa. Akauliza: "Alisimama?" Nikamwambia ndiyo, alisimama. Akasema: "Basi mupikieni samaki, sambaza." Mimi sitapika, nina kazi. Atapika yeye.

Najua ukishuka Kigali utachukua basi la usiku, utavuka mpaka wa Ruzizi kesho karibu saa tatu asubuhi. Ufunguo wa kufuli uko kwa Maman Priscille, nyumba ya pili. Ingia kwa mlango wa nyuma, vua viatu, usinisalimie. Nitakuwa na ekuteri za kusikilizia masikioni, ninamsikiliza yule mwanamke anapocheka. Neno lile lililowashinda nadhani nalijua.

Nikimaliza, nitakuambia linamaanisha nini. Utaketi chini, utalisema mara tatu, na utaliandika kwa mkono wako.

Lete kalamu. Mwombe Ulrich moja.

Nsimire